Tupeane uzoefu: polishi iliyokula klia ya gari

Mwanzisha mada, Tabata: Leo kwenye foleni ya Buguruni nimesimama nyuma ya Crown nyeusi ambayo klia ya buti, lile tabaka angavu la juu ya rangi, imebanduka kwa mabaka, nikaiogopea Harrier yangu. Ina mikwaruzo ya duara inayoonekana jua likiwaka, na mafundi wananishauri ipigwe kompaundi, yaani polishi kali inayokwangua, gari zima. Nani amewahi kuliwa klia, na ilikuwaje?

Dada wa Mbezi: Nilipeleka gari langu la bluu ya metaliki katika gereji moja kwa sababu ndilo lililopangwa kumbeba mdogo wangu siku ya harusi yake. Fundi aliwasha ile mashine nzito inayozunguka mahali pamoja, akaikandamiza kwenye mkunjo wa boneti, na simu yake ilipoita akaipokea huku mkono wa pili ukiwa bado umeishikilia mashine palepale. Niliona sponji jeupe likigeuka bluu, nikauliza, nikajibiwa kwamba huo ni uchafu wa siku nyingi. Alipofuta, palikuwa na doa lililofifia lenye ukubwa wa kiganja, na kadiri alivyolipaka nta ndivyo lilivyozidi kujitokeza. Boneti ikapigwa rangi upya usiku wa kuamkia harusi, tukaenda kanisani gari likinuka thina, na bibi harusi alipoegemea boneti ili apigwe picha, shela likanasa.

Jirani wa Kimara: Pole sana, dada. Mimi niliunguziwa ukingo wa mlango.

Mama Wawili: Tafadhali tueleze habari za shela.

Fundi rangi, Gerezani: Naomba tusitoke kwenye mada. Klia ya kiwandani kwa kawaida ina unene wa mikroni 40 hadi 50, yaani ni nyembamba kuliko unywele, na kwenye kingo na mikunjo hupungua zaidi kwa sababu rangi ikiwa mbichi hukimbia sehemu hizo. Ndiyo maana mimi hubandika tepu ya karatasi kwenye kingo zote kabla ya kugusa mashine. Wengi husahau kwamba klia ndiyo inayoikinga rangi dhidi ya mionzi ya jua, hivyo gari lililokwanguliwa kupita kiasi linaweza kutoka gereji liking'aa, kisha likaanza kupauka mapema kwa jua hili la Dar.

Mwenye kipimo, Sinza: Hofu hizi zimezidi. Kipimo changu cha unene wa rangi kimesoma mikroni 120, kwa hiyo nina akiba ya kutosha kupiga hata msasa wa maji.

Fundi rangi, Gerezani: Hiyo 120, kaka, ni praima, rangi na klia kwa pamoja. Kipimo hicho hakikuambii klia peke yake imebaki kiasi gani, na ukikuta mlango unasoma 300 ujue umewahi kupigwa rangi upya, pengine na puti imo.

Mwenye kipimo, Sinza: Mafundi hamtaki wateja wawe na vipimo.

Kijana wa Kigamboni: Dawa ni kuangalia sponji tu. Likichukua rangi ya gari, klia imekwisha.

Mzee wa Probox, Ukonga: Si kwa kila gari, kijana wangu. Nyeupe ya Toyota yenye namba 040 mara nyingi haina klia kabisa, hivyo sponji litageuka jeupe hata ukisugua kwa upole.

Kijana wa Kigamboni: Shikamoo mzee, lakini hapa tunazungumzia magari.

Jirani wa Kimara: Mimi nashauri usipolishi kabisa. Paka nta inayofunika mikwaruzo, kisha uwakataze vijana wa kuosha kutumia ndoo moja yenye mchanga, maana mikwaruzo hiyo ya duara inatoka kwao.

Fundi rangi, Gerezani: Nta hiyo itaoshwa na mvua. Anza na polishi laini kabisa na sponji laini katika eneo dogo, tena kwa mashine inayotetemeka, na ikiondoa mikwaruzo kiasi cha kukuridhisha, usipande kwenye kompaundi. Mkwaruzo unaonasa ukucha uachwe ulivyo.

Mwanzisha mada, Tabata: Nashukuru, nitaanza na eneo dogo. Dada wa Mbezi, shela lilitoka?

Dada wa Mbezi: Lilitoka. Alama za kitambaa ziko kwenye boneti hadi leo, na fundi yuleyule ameniahidi kwamba zinaondoka kwa kompaundi.