Ulinganisho: WordPress, Drupal au Joomla kwa kikundi kipya cha watengeneza tovuti?

fundi_wa_ziwani
Wakuu, habari za jioni. Tuko saba hapa Mwanza, tunatengeneza tovuti za shule, hoteli ndogo na vyama vya akiba. Kila mmoja anahangaika peke yake chumbani kwake. Tumekubaliana tukutane mara moja kwa mwezi, tuchague kati ya hiyo mitatu mfumo mmoja huria wa kutengenezea tovuti (yaani msimbo wake, maandishi yanayouendesha, uko wazi kwa wote), tujifunze pamoja na, Mungu akijalia, tuuchangie. Uwezo wa programu zenyewe tunaujua. Ninachouliza ni jumuiya: ipi itatupokea, ipi itatushika mkono tukitaka kuandaa kongamano?

Binti_Kilindini
Kaka, kwa makongamano WordPress imetangulia mbali. WordCamp, yaani kongamano la jumuiya yao, ya kwanza ilifanyika San Francisco mwaka 2006, na huku kwetu Nairobi na Kampala zimeshaandaa zao. Lakini msianzie hapo. Anzeni na vikao vya kila mwezi, mjiandikishe kwenye mpango wao rasmi, na ada ya ukurasa wenu wa Meetup, tovuti ya kutangazia mikutano, wataibeba wao. Kikundi kikishasimama ndipo mnaomba WordCamp. Shirika lao linaweza kupokea fedha za wadhamini na kulipia ukumbi, kwa hiyo hakuna mratibu anayelazimika kupitisha pesa za watu kwenye simu yake. Mimi nimeshaona kikundi kikivunjika kwa jambo hilo hilo, na marafiki wa miaka hawasalimiani tena. Masharti yapo: waandaaji na watoa mada hawalipwi, na tiketi lazima iwe ya bei nafuu.

Kitu kilichonishika mimi kwenye WordCamp ni siku ya uchangiaji, ambapo watu hukaa pamoja kuuboresha mfumo wenyewe. Nilikaa meza ya watafsiri, asubuhi sijui hata pa kubonyeza. Tulibishana karibu nusu saa kama "dashboard" tuandike "dashibodi" au "ubao". Jioni maneno yangu yalikuwa kwenye foleni ya kukaguliwa. Sijawahi kujisikia hivyo darasani.

mpenda_jumla
Naomba niitetee Joomla, maana jina lake ni letu. Mwaka 2005 watengenezaji wa Mambo, mfumo wa tovuti uliotangulia Joomla, walitofautiana na kampuni iliyokuwa inaimiliki, wakaondoka na msimbo wao, wakaupa mradi mpya jina kutoka neno la Kiswahili "jumla", kwa maana ya wote kwa pamoja. Hata matoleo yanabatizwa kwa lugha yetu. Tarehe 17 Agosti 2021 yalitoka mawili siku moja: 4.0 likaitwa Furaha, na 3.10 likaitwa Daraja kwa sababu kazi yake ilikuwa kuwavusha watu kutoka la zamani. Mradi unasimamiwa na Open Source Matters, shirika lisilo la faida, na kazi inafanywa na watu wa kujitolea. Kongamano lao linaitwa JoomlaDay.

Nitasema ukweli lakini: mjini kwangu sijapata mwenzangu wa kukaa naye. Miaka minne najibiwa na watu wa Ulaya, kwa upole sana, ila kwa maandishi tu.

Mzee_wa_Seva
Drupal ni shule ngumu, na nzuri. Dries Buytaert aliitoa mwaka 2001 akiwa mwanafunzi Antwerp, Ubelgiji. Wanachonifurahisha ni kutunza kumbukumbu: ukirekebisha kosa, jina lako na la ofisi yako vinaandikwa kwenye wasifu wako wa drupal.org, na mwajiri anaona mwenyewe. Tatizo ni mlango. Tangu toleo la 8 la mwaka 2015, lililojengwa juu ya Symfony (mkusanyiko wa vipande vya msimbo vilivyo tayari), anayeanza anahitaji PHP ya kweli, ile lugha ya kuandikia programu, na Composer, chombo cha kupakua na kuunganisha vipande hivyo. Drupal CMS ya Januari 2025, toleo lililoandaliwa kwa wasioandika msimbo, imejaribu kuupanua mlango huo. Kama kati ya saba wenu watano hawaandiki msimbo, mtawapoteza kufikia kikao cha tatu.

kaka_wa_Tanga
Binti, na ule mgogoro wa 2024 je? Mwanzilishi mwenza wa WordPress, Matt Mullenweg, aligombana na WP Engine, kampuni inayohifadhi tovuti za WordPress; wateja wa kampuni hiyo wakafungiwa masasisho kutoka WordPress.org, na WP Engine ikamshtaki mahakamani Marekani. Jumuiya inayomtegemea mtu mmoja kiasi hicho inanitia hofu.

Binti_Kilindini
Hofu yako ni ya haki, ndugu yangu, na iliniuma. Ndiyo maana nasema kikundi chenu kiwe na daftari lake la wanachama na nakala za mafunzo yake, visikae kwenye tovuti ya mtu mwingine. Leseni ni GPL, inayomruhusu yeyote kuutumia, kuubadilisha na kuusambaza msimbo, kwa hiyo hauwezi kunyang'anywa. Watu ndio wanaotawanyika.

fundi_wa_ziwani
Mzee wangu, umenigusa pale kwenye kikao cha tatu. Kati yetu wanaoandika msimbo ni wawili. Tumepiga simu usiku huu: tunaanza na WordPress, vikao Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na daftari letu wenyewe kama dada alivyoshauri. Kikao cha kwanza ni kutafsiri, kwa kuwa hapo wote saba tunaweza. Dada, utaweza kuingia kwa video saa nane mchana utuonyeshe pa kubonyeza? Na mpenda_jumla, ukipita Mwanza, kiti chako kipo. Tunataka kuiona hiyo Joomla ikiwekwa mbele ya macho yetu.

mpenda_jumla
Nakuja Desemba.