Pointi milioni 6 za GPS za bajaji: QGIS inaganda

Nzuguni_B
Wakuu salaam. Nina CSV (jedwali la maandishi matupu) ya pointi milioni 6 za bajaji na bodaboda: Dodoma mjini, Bahi, Chamwino, Kongwa na Mpwapwa. Safu ni namba ya chombo, saa, lat, lon. Laptopu ina RAM GB 8. Kila nikisogeza ramani, QGIS (programu ya ramani) inaganda, na ikichora, mji wote ni doa moja jekundu. Nataka kuona vyombo vinajazana wapi, na ramani ifunguke kwenye simu. Programu za kulipia hapana.

Kisasa_36S
Tatizo ni CSV mkuu. Haina faharasa ya mahali inayodumu, hivyo QGIS inapekua mistari yote hata ukiangalia Majengo tu. Igeuze GeoPackage (faili la ramani lenye hifadhidata ndani) kwa ogr2ogr, amri ya kugeuza mafaili ya ramani; faharasa inajengwa humo humo:

`ogr2ogr -f GPKG pointi.gpkg pointi.csv -oo X_POSSIBLE_NAMES=lon -oo Y_POSSIBLE_NAMES=lat -a_srs EPSG:4326`

Chuja kwanza. Lat na lon zikipishana, Dodoma inaangukia Atlantiki, jirani na Tangier. Alama ya kutoa ikidondoka kwenye lat, bajaji zako ziko kusini mwa Ethiopia.

Halafu usichore pointi. Tengeneza gridi ya pembesita za mita 500, hesabu pointi ndani ya kila moja, futa zenye sifuri. (Mkoa mzima ni pembesita kama 190,000, usishtuke.) Ila bajaji iliyoegeshwa stendi inaendelea kutuma pointi, kwa hiyo ukihesabu pointi utapata ramani ya maegesho. Kwenye zana ya kuhesabu, sehemu ya "Class field" weka namba ya chombo: kila chombo kitahesabiwa mara moja tu kwa pembesita. Rangi zigawe kwa kwantili (kila rangi ipate idadi sawa ya pembesita), la sivyo stendi ya Nzuguni itameza mji mzima.

Ramani_Chamwino
Nyongeza: gridi ya mita inataka UTM (mfumo wa kupima kwa mita, uliogawa dunia kwa kanda za longitudo), na mkoa wetu umekatwa na longitudo 36. Mjini ni kanda 36S (EPSG:32736), Kongwa na Mpwapwa ni 37S. Usigawe data. Tumia 32736 kote. Hata upande wa mashariki kosa ni kama mita 1 kwa kila 500. Kama mipaka ya kata uliyonayo imesogea mita mia kadhaa, hiyo ni Arc 1960 (msingi wa zamani wa vipimo vya ramani), sio WGS 84 inayotumiwa na GPS. Jaribu EPSG:21036.

Kwa simu, kata vigae (vipande vidogo vya ramani) vya pembesita, sio vya pointi. Pointi ghafi zinaonyesha dereva analala nyumba gani.

`ogr2ogr -f GeoJSONSeq -t_srs EPSG:4326 hex.geojsonl hex.gpkg`
`tippecanoe -P -zg --no-tiny-polygon-reduction -o dom.pmtiles hex.geojsonl`

Tippecanoe ndiyo inayokata vigae; kwenye Windows iendeshe ndani ya WSL (Linux ndani ya Windows). Ukurasa wa ramani tumia MapLibre (maktaba ya bure ya kuonyesha ramani kwenye kivinjari). Ukija kukata vigae vya pointi siku nyingine, kumbuka tippecanoe huzipunguza kila zumu inaposhuka. Msongamano utakaouona mkoa mzima sio wa kweli.

Nzuguni_B
QGIS sasa inateleza. Ila PMTiles (lile faili moja la vigae) nimeiwasha kwa `python -m http.server`, ramani nyeupe kabisa.

Ramani_Chamwino
Seva hiyo haijui kutoa kipande cha faili, inamwaga faili zima, na PMTiles inaishi kwa vipande. Weka seva ya Nginx au Caddy.