Kundi la WhatsApp: Wana wa Bibi Chausiku, Ujiji

Shangazi Tatu: Mama Nasra, mtoto vipi? Jibu hapahapa wote waone.

Shangazi Tatu: Jamani! Mmesoma wote, kimya.

Mama Nasra: Anapumua mbio shangazi. Joto halishuki. Ziwa analishika, anaachia.

Shangazi Tatu: Mfunue kifua. Akiwa ametulia, hesabu pumzi dakika nzima, tazama saa.

Mama Nasra: 58

Juma Boda: Hiyo spidi yangu mteremko wa Mwanga 😂

Shangazi Tatu: Juma! Mtoto wa mwaka na miezi miwili, ikifika 40 tu tayari anapumua haraka. Chini ya mbavu panabonyea?

Mama Nasra: Panaingia ndani kila akivuta

Rama Kibirizi: Migebuka leo imeshuka bei, anayetaka aseme mapema

Shangazi Tatu: Rama acha migebuka. Hiyo ni nimonia. Mapafu yana vifuko vidogo vidogo vya hewa, sasa vimejaa usaha na maji. Hewa anaivuta lakini haipenyi kuingia kwenye damu, ndiyo anahema hivyo. Na mapafu yakishajaa yanakuwa magumu kutanuka, anavuta kwa nguvu mpaka mbavu zinabonyea. Ziwa analiachia kwa sababu hawezi kunyonya huku anatafuta pumzi.

Mama Nasra: Mama mkwe kampaka mawese kifuani. Anasema kichomi, kesho aje mganga wa kuchanja chale.

Shangazi Tatu: Mawese hayafiki kwenye mapafu mwanangu. Anahitaji oksijeni na dawa ya kuua vijidudu. Hospitali ya Maweni, usiku huuhuu. Nani anatoa nini?

Baba Mdogo Kasulu: Mchango tena? Hela ya karabai mlinirudishia?

Shangazi Tatu: Hamisi, karabai si leo.

Baba Mdogo Kasulu: Kwangu ni leo.

Bibi (anaandikiwa na Zai): Shabani wangu alihema hivi siku mbili. Tukampaka mawese. Alfajiri akanyamaza. Huyu aende.

Juma Boda: Nisamehe bibi. Nipo mlangoni. Mama Nasra, mpakate wima, usimlaze.

Baba Mdogo Kasulu: Nimetuma 20,000. Ya karabai bado tutaongea.

Shangazi Tatu: Kadi ya kliniki usisahau! Chanjo ya nimonia alimaliza zote tatu?

Shangazi Tatu: Mama Nasra?

Rama Kibirizi: Yuko kwenye pikipiki huyo. Nani analala naye hospitali?

Shangazi Tatu: Mkeo.

Rama Kibirizi: Sijamuuliza

Mama Nasra: Tumefika. Wamemwekea mpira wa hewa puani. Kadi nimeiacha juu ya kabati.

Shangazi Tatu: Rama, umemuuliza?