Patna kanitosa siku ya mwisho ya kujiandikisha, viza nimelipa, tiketi nimelipa. Padeli ya kuungaunga Ulaya imenitoa roho

Wakuu habari za muda huu. Mods naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa maisha ya Dubai, hiki ni kisa kingine kabisa na nina hasira nacho.

Kwa wasioijua padeli, ni kama tenisi ila mnacheza ndani ya boksi la vioo, uwanja mita 20 kwa 10, mpira ukidunda chini ukagonga kioo bado uko hai, raketi haina nyuzi, ina matundu kama chujio la chai. Hispania na Ajentina ndo ngome yake, ila huku Ghuba usiseme, Al Quoz, eneo la viwanda hapa Dubai, magodauni kibao yamegeuzwa viwanja. Mimi nilikuja Dubai kama kocha wa tenisi nikahamia huko maana ndo kwenye wateja. Nafundisha asubuhi na usiku, mchana nafanya mazoezi yangu, na kinachobaki mfukoni kinaishia kwenye mashindano madogo ya FIP (shirikisho la padeli la dunia) yale ya kusaka pointi. Ati semi-pro. Kazi ambayo unailipia wewe mwenyewe.

Sasa kero yenyewe. Padeli hakuna kucheza peke yako, ni wawili wawili tu. Pointi kila mtu ana zake lakini mkijiandikisha zinajumlishwa, na hiyo jumla ndo inaamua mnaingia moja kwa moja au mnaanzia mchujo au mnabaki akiba mnaomba dua watu waumie nyonga. Tena pointi zenyewe zinadumu wiki 52 zinadondoka, kwahiyo huwezi kupumzika. Matokeo yake kila patna yuko na wewe huku jicho moja liko kwenye listi anaangalia nani ana pointi kukuzidi. Ni uchumba ambao mwenzio ana posa nyingine mfukoni.

Wangu mimi ni Muajentina, tunafundisha wote sehemu moja. Fundi, sikatai, yeye kushoto mimi kulia, tulikuwa tunaelewana mpaka kwa kukohoa. Tukapanga Hispania, wiki 3 mashindano 3. Sasa oneni tofauti. Yeye na pasipoti yake anaingia Ulaya bila viza, anaweza kukata tiketi leo akapaa kesho. Mimi na hii ya kwetu Tanzania ni barua ya mwajiri, stetimenti ya benki, bima ya matibabu ya safari yenye kinga ya euro 30,000, hoteli za wiki zote 3 zionekane, tiketi ya kwenda na kurudi, halafu euro 90 ya viza ambayo wakikunyima hairudi, halafu wakala anayepokea makaratasi nae ana chake. Pasipoti wakakaa nayo wiki 3, katikati hapo nikakosa mashindano ya hapa hapa jirani maana ningevukaje mpaka, na leseni ya udereva? Bosi barua aliandika kwa masimango, likizo bila malipo, na wanafunzi wangu akawagawa kwa makocha wengine. Mwanafunzi akishazoea kocha mwingine huyo umeshamzika.

Viza ikatoka. Kesho yake ndo siku ya kufunga kujiandikisha. Saa 4 usiku naona meseji WhatsApp, wala hakupiga simu, na mchana tulikuwa wote uwanjani tunacheka: samahani kaka nimepata mtu ana pointi nyingi, si unaelewa.

Naelewa nini sasa??? Tiketi yangu hairudishwi, yake hata hajakata!

Nikahangaika kwenye magrupu mpaka usiku wa manane, nikampata mmoja nae ni wa upande wa kulia kama mimi. Yaani madereva wawili gari moja. Ikabidi mimi niende kushoto, upande wa wapiga smash, mimi ambaye kazi yangu siku zote ni kurudisha mipira na kuweka lobu, ile mipira ya juu juu. Mchujo wa kwanza tukalambwa 6-1 6-2 na vitoto viwili, kimoja bado kina chunusi, kinapiga mpira unadunda unapitiliza juu ya ukuta wa pembeni we unabaki unaangalia parking. Hawa wamekulia kwenye vioo, mimi kioo nimekijua ukubwani. Wiki ya pili tukatoka tena kwenye mchujo. Ya tatu tukawa akiba, hakuna aliyeumia nyonga. Siku 21 nalala hosteli chumba cha watu 8, nakula mkate na jodari wa kopo, hela ya zawadi niliyorudi nayo ni sifuri kavu.

Na yule jamaa na patna wake mpya wa pointi nyingi mnajua waliishia wapi? Raundi ya pili. Raundi ya pili wakuu! Kaniuza kwa raundi moja.

Nyumbani nako ndo basi tena. Watu wanaona klipu za kina Tapia na Coello, wale mastaa wa padeli duniani, na wale mashabiki wa Doha wanadhani wote tupo kwenye kapu moja. Bimkubwa kanipigia, "mwanangu nimekuona kwenye picha, umependeza, ile ya sementi vipi?" Nimwambie nini, kwamba udhamini wangu ni raketi 2 kwa mwaka na namba ya punguzo ambayo natakiwa niipost kila wiki kama mchuuzi wa viatu? Na moja tayari ina ufa.

EDIT: Wanaosema niachane nayo nirudi Dar kufundisha, viwanja vimeanza kuota huko najua, nitafikiria. Wanaouliza kama bado naongea na yule jamaa, tupo zamu moja kila asubuhi, uwanja wake na wangu vinagusana kioo. Salamu tunapeana.

EDIT 2: Viza yangu bado ina siku zimebaki. Anayecheza kushoto, ana pointi hata kidogo na yake iko hai, njoo PM. Wa kulia msije.