Pikipiki mpya inapanda bei, iliyotumika inashuka: ninunue ipi, au nibaki na yangu?

Mpanda Kila Siku (mwanzisha mada)
Wanajukwaa, naomba msaada wenu wa mawazo. Nina pikipiki ya cc 150 niliyoinunua ikiwa mpya miaka 5 iliyopita, na ndiyo inayonipeleka kazini na kunirudisha kila siku. Bei ya toleo jipya la aina hiyo hiyo imepanda kwa karibu theluthi moja ukilinganisha na nilicholipa mimi, ilhali waliokuja kuitazama yangu wametaja kiasi ambacho kimenivunja moyo kabisa. Ninaona njia nne: kununua mpya kabisa, kununua mpya ya toleo la mwaka uliopita iliyobaki kwa muuzaji, kununua iliyotumika miaka 2 au 3, au kuifanyia yangu matengenezo makubwa na kubaki nayo. Tulinganishe kwa hesabu, si kwa mapenzi ya chapa.

Mpiga Hesabu
Ndugu, wengi hutazama bei ya kununulia peke yake, wakati kinachotoka mfukoni hasa ni tofauti kati ya bei ya kununulia na bei utakayouzia. Tuchukulie mpya ni 100. Ukiinunua leo na kuiuza baada ya miaka 3 kwa 55, umetumia 45, yaani 15 kwa mwaka. Atakayeichukua kwako kwa hiyo 55 na kuiuza kwa 35 baada ya miaka 3 mingine ametumia 20. Hata akiongeza 10 ya vipuri, anafika 30, yaani 10 kwa mwaka. Bei ya mpya ikizidi kupanda na ya iliyotumika ikizidi kushuka, pengo hilo linapanuka, na anayelilipia ni mnunuzi wa kwanza.

Kwako wewe hali ni nzito zaidi, kwa sababu unauza chini na kununua juu kwa wakati mmoja. Pikipiki yako ikithaminiwa 35, itakubidi uongeze 65 ili uipate mpya. Hasara kubwa ya miaka ya mwanzo umeshaimeza, na kilichobaki kupotea ni kidogo; kwa nini ukaianze upya?

Muuzaji Mstaafu
Niongeze sababu, maana wengine wanadhani ni tamaa ya wauzaji tu. Kwanza ni viwango vya moshi. Katika Umoja wa Ulaya, Euro 5 ilianza kwa aina mpya za pikipiki mwaka 2020 na ikahusu pikipiki zote mpya mwaka 2021, kisha Euro 5+ ikafuata mwaka 2024 na 2025 kwa utaratibu uleule. India nayo ilihamia BS6, kiwango chake cha moshi, mwezi Aprili 2020, na pikipiki nyingi ndogo zikaacha kabureta na kuchukua injekta, sensa na kompyuta ya injini. Ongeza breki za ABS zinazozuia gurudumu kufunga, na katalisti ya ekzosi, yaani kisafisha moshi, yenye madini ya thamani kama paladi na rodi. Vyote hivyo huingia kwenye bei, na haviwezi kuondolewa tena.

Kushuka kwa zilizotumika kuna historia yake. Wakati wa janga la UVIKO-19 viwanda vilisimama, mpya zikaadimika, na zilizotumika zikapanda kupita kiasi. Kwa hiyo sehemu ya mnachokiona leo ni bei kurudi mahali pake. Baadaye riba za mikopo zilipanda huku maghala yakijaa. Novemba 2024 kampuni ya KTM ya Austria iliingia katika mchakato wa ufilisi wenye lengo la kupanga upya madeni yake, ikiwa na shehena kubwa ya pikipiki zisizouzwa. Mwisho wa mwaka huohuo wauzaji wengi wa Ulaya walisajili kwa majina yao pikipiki za Euro 5 ili wasizuiwe kuziuza Euro 5+ itakapoanza kuhusu zote mpya, kisha wakazitoa kwa punguzo. Mpya ikiuzwa kwa punguzo, nani atalipa bei ya zamani kwa iliyotumika?

Ndiyo maana mimi ningeanza na hiyo ya mwaka uliopita. Hakikisha tu dhamana inaanza siku utakayonunua, kwa kuwa ile iliyokwisha kusajiliwa huenda dhamana yake inahesabu siku tayari. Kumbuka pia kwamba utakapokuja kuiuza, mnunuzi ataangalia mwaka wa kutengenezwa.

Fundi wa Injini
Sipingani na hesabu, ila 10 ya vipuri aliyoitaja Mpiga Hesabu inatosha tu ikiwa umekagua vizuri kabla ya kununua. Fika asubuhi, uguse injini kwa mkono kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto, uliza kwa nini. Moshi wa buluu unaotoka kidogo inapowashwa na kupotea mara nyingi ni sili za valvu, lakini ukiendelea kila unapovuta mafuta, shuku ringi za pistoni. Vuta cheni nyuma ya sproketi kubwa: ikiachana na meno hadi ukaona mwanga, cheni na sproketi zote mbili zinabadilishwa pamoja. Inua gurudumu la mbele na ugeuze usukani polepole. Usukani ukikwama katikati kana kwamba umeingia kijishimo, beringi za shingo ya usukani zimekwisha.

Halafu soma tairi. Tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT ulio ubavuni mwa tairi ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, hivyo 3219 ni wiki ya 32 ya mwaka 2019. Pikipiki ya mwaka 2019 inayoonyesha kilomita chache sana lakini tayari ina tairi za 2023 inahitaji maelezo.

Mpiga Hesabu
Kuhusu pikipiki za umeme, kwa kuwa nimeulizwa faraghani: thamani yake ikishatumika inategemea hali ya betri, na bila kipimo cha betri mnunuzi hukisia chini.

Mpanda Kila Siku
Nawashukuru sana. Jana jioni niliivuta cheni yangu kama Fundi alivyoeleza na mwanga ukaonekana. Beringi za shingo ni nzima, na moshi hakuna. Nimeomba bei ya cheni, sproketi, tairi mbili na kazi ya kurekebisha valvu, na jumla yake haifiki hata 8 katika kipimo cha Mpiga Hesabu. Ninabaki nayo kwa miaka 2, na ile 65 itakaa benki. Fundi, nikishabadilisha cheni, nianze kuikaza tena baada ya kilomita ngapi?

Fundi wa Injini
Ikague baada ya kilomita 500 za kwanza, halafu ufuate kitabu cha pikipiki yako.