Mhusika agundua "kaka" ni kaka kweli, msomaji hashtuki. Nifanyeje?

MwalimuKibaigwa:
Mbukwenyi wadau. Nafundisha sekondari hapa Kibaigwa, na usiku malori ya mahindi yakishatulia naandika riwaya. Mwaka wa tatu huu. Ni ya kiza, hamna harusi wala mchungaji wa kumwokoa mtu.

Neema amekulia Hombolo kwenye zabibu. Kwao wamezaliwa wawili, yeye na mdogo wake. Kila mavuno, Machi na Agosti, anakuja kaka Yohana, mtoto wa mama mkubwa wa Saranda, kusaidia kuchuma. Mama hamtazami usoni. Anamtengea chakula, anageuka. Miaka inapita, mama anapooza upande mmoja, Neema anapekua sanduku la bati akitafuta kadi ya bima, anakutana na kadi ya kliniki ya mama, ya mimba iliyomzaa mdogo wake, 1991. Mimba ya: 3. Amezaa mara: 2. Watoto hai: 2. Na mwaka huo mtoto wa pale nyumbani alikuwa yeye peke yake.

Nikajua hapo mtu atashika kichwa. Nikampa dada yangu asome. Alipofika sura ya 19, Yohana anapojulikana katoka tumbo lile lile, akaniuliza, "Sasa si alikuwa kaka yake tangu mwanzo?" Akaenda zake kusonga ugali.

Niliumia, ila anachosema ni kweli. Kwetu mtoto wa mama mkubwa ni kaka, basi. Nikimgeuza Yohana awe mtoto wa jirani hadithi imekufa, maana kilichonivuta ni kwamba alikuwepo pale pale miaka yote. Nifanyeje? Halafu sura ya 21 Neema anaokota nywele za Yohana kwenye kitana, anapeleka kupima vinasaba. Imekaa sawa?

(Kabla hamjauliza: hapana, si ya kwetu.)

Mkunga_Mstaafu:
Mwalimu, kadi umeipatia. Nimekaa chumba cha kliniki wilaya ya Mpwapwa miaka mingi. Ila umemsahau mama mkwe. Siku hizo wanaume walikuwa hawaji, mama mkwe ndiye aliyemsindikiza mkamwana. Akiwa amekaa kwenye benchi, binti anasema "mimba ya pili, sista." Ukimtuma mama wa watu akachote maji, binti anainama: "Andika ya tatu." Hatukuwa tunauliza kwa umbea. Aliyewahi kupasuliwa, au aliyezaa mara nyingi, hatumwachi azalie zahanati, na yeye anajua akidanganya hapo anaweza kufa.

Kwa hiyo hiyo 3 isikae peke yake. Tulipokosea tulikata mstari mmoja tu, cha zamani kisomeke. Neema aione 2 iliyokatwa, na 3 pembeni, kalamu ile ile.

WakiliMsaidizi_DOM:
Sura ya 21 ifute. Mtu haokoti nywele akazipeleka maabara kama anapeleka mahindi mashineni. Kuna sheria ya vinasaba ya 2009. Ombi kwa Mkemia Mkuu wa Serikali linapitia kwa wenye mamlaka: ustawi wa jamii, wakili, mahakama, polisi. Tena nywele za kwenye kitana nyingi hazina mzizi, na penye mzizi ndipo penye kazi.

Na kupima ndugu wawili bila mzazi, jibu linaweza kuja limelegea. Sampuli ya mama ndiyo inakaza. Maana yake Neema itabidi amwombe mama aliyepooza afungue kinywa, apitishwe kijiti cha pamba shavuni. Mama ambaye hajafungua kinywa miaka yote hiyo. Mimi ningeandika hapo kurasa kumi.

Mtu_wa_Bahi:
Dada yako kakusaidia ila hujamsikia. Neema hakibadiliki kitu mdomoni, jana kaka, leo kaka. Anayebadilikiwa ni Yohana. Huyo kijana anamwita mama yake mzazi "mama mdogo" tangu ajue kusema. "Mama mdogo, shikamoo." "Mama mdogo, zabibu nimeweka kivulini." Swali ni kama alijua. Mimi nasema alijua, na bado akaja kuchuma kila msimu.

Nilizika shangazi yangu mwaka juzi. Wasifu wa marehemu ukasomwa, ameacha watoto wanne. Nyuma yangu mtu mzima mmoja ameshika chepeo akasema taratibu, "Watano." Hakuna aliyegeuka. Nilivyoelewa, ukoo mzima ulikuwa unajua, tuliokuwa hatujui ni sisi vijana tu. Acha kufikiri siri ya kijijini inafichwa sandukuni.

MwalimuKibaigwa:
Asanteni, nimekaa na haya siku mbili. Wakili, nywele nimefuta, kijiti cha pamba nakichukua. Mtu wa Bahi, "mama mdogo" imeninyima usingizi. Nimerudi sura ya kwanza nikahesabu: Yohana anasema hilo neno mara 14, mimi nililiandika bila kuliona.

Nikampigia dada nimsomee. Kimya. Akasema nisimpigie usiku.

Mkunga, kadi niliyonakilia zile namba ninayo hapa, ya mama yangu, ya mimba iliyonizaa mimi. Leo asubuhi nimeitoa nje kwenye mwanga. Mstari upo.