Kupima kisukari kwa kupuliza: tukubali au tunadanganyana?

Mleta mada:
Wadau, habari za asubuhi. Jana kwenye daladala jamaa anaonyesha video ya kimashine unapuliza tu, kama trafiki wanavyopimisha madereva kilevi, halafu kinakwambia una sukari au huna. Gari zima shangwe, hakuna kutoboa kidole hakuna stripu. Mimi kimya, maana hiki kitu nina ugomvi nacho. Kwanza hakipimi sukari, kinapima asetoni, ile inayotoka kwenye pumzi mwili ukichoma mafuta badala ya sukari. Ndani kuna kihisi cha oksidi ya metali, mara nyingi ya bati au tungsteni, kinapashwa moto nyuzi mia kadhaa, asetoni ikikigusa upinzani wa umeme unabadilika. Tafiti nyingi zinataja mzima chini ya 0.9 ppm (sehemu kwa kila milioni ya pumzi), mgonjwa juu ya 1.8. Kwenye karatasi safi. Ila mtu wa kisukari aina ya 2, ambao ndio wengi mtaani, insulini ya kuutumisha mwili sukari bado anayo, asetoni yake inaweza kulingana na yako kabisa. Anapuliza, taa ya kijani, anaenda zake kuagiza soda. Nasema kisiguse kampeni za upimaji. Mnasemaje?

Mchangiaji 1:
Mkuu unaongea umeshiba. Bi mkubwa wangu ukimtajia sindano anakumbuka kuna mboga jikoni, mpaka leo hajapima hata mara moja na mdogo wake alishakatwa mguu. Afrika zaidi ya nusu ya wenye kisukari hawajijui. Waache wapulize, akiwaka nyekundu ndo atobolewe.

Mleta mada:
Nyekundu haina shida ndugu yangu, ninayoiogopa ni kijani.

Mchangiaji 2:
Jamani mimi fundi kucha, nashinda na chupa ya asetoni puani kutwa nzima, si nitaambiwa nina sukari hahaha

Mleta mada:
Unaweza kuwaka vizuri tu dada. Na aliyefunga Ramadhani ukimpulizisha saa kumi na moja jioni asetoni imepanda na hana ugonjwa wowote, na waliokata wanga ili wapungue hivyohivyo. Aliyetoka kunywa pombe ndo usiseme, vihisi vingi vya aina hii vinachanganya pombe na asetoni.

Mchangiaji 3:
Mi ni nesi, ngoja niwachokoze wote. Kisukari kinathibitishwa kwa damu: sukari ya asubuhi hujala kitu 7.0 mmol/L kwenda juu, au HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu) 6.5% kwenda juu, na kama huna dalili tunarudia. Pumzi haimo. Lakini mleta mada umekitupa kimashine chote wakati kuna mahali kina kazi. Kuna mtoto aliletwa kwetu kakonda, anakojoa kila saa, anatapika, anahema kwa nguvu, alikotoka alishaandikiwa dawa za malaria mara mbili. Nilipomwinamia mdomoni harufu kama embe lililoiva likapitiliza. Kisukari aina ya 1 hiyo, mwili hauna insulini, ketoni (ndugu zake asetoni) zimejaa, na hapo asetoni inakuwa juu kweli siyo ya kubahatisha. Pua yangu ilibahatika, nesi mwenye mafua angepitwa.

Mleta mada:
Hapo nakubali, kwa mtoto wa hivyo kiwepo. Japo kijiti cha mkojo kinaonyesha ketoni na ni bei ndogo.

Mchangiaji 3:
Mtoto aliyekauka maji utamsubiri akojoe mpaka saa ngapi?

Mleta mada:
Haya nimekaa chini.

Mchangiaji 1:
Sasa bi mkubwa wangu mbona mmemwacha njiani

Mchangiaji 3:
Anza na futi ya cherehani, mzungushe kiunoni. Wafini, watu wa Finland, wana dodoso lao la kukisia hatari ya kisukari, linauliza umri, uzito, kiuno, mazoezi, presha na nani kwenu ana sukari, halina damu wala umeme. Mdogo wake tu anatosha kumpandishia alama.

Mchangiaji 1:
Futi atakubali, atadhani namshonea gauni. Kidole ndo sijui nitamdanganyaje.